Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Taasisi za Umma: Tovuti Zijengwe kwa Viwango

Kwa wakuu wa taasisi za umma, maafisa TEHAMA na wajumbe wa bodi za zabuni, Tanzania, Kenya na nchi jirani.

YAH: VIWANGO VYA HTML NA CSS KATIKA MIKATABA YA TOVUTI

Ukurasa wa tovuti husimama juu ya vitu viwili. Cha kwanza ni maandishi yaliyotiwa tagi za HTML, yaani alama zinazosema kila kipande ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha, hiki ni kiungo, hiki ni kisanduku cha kujaza jina. Cha pili ni faili la mitindo la CSS, linaloeleza vipande hivyo vionekane vipi: rangi yake, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, mpangilio wa safu. Tovuti inayofuata viwango ni ile ambayo HTML na CSS kila moja inafanya kazi yake bila kuingilia ya mwenzake, na ambayo tagi zake zimetumika kwa maana zilizokubaliwa duniani kote. Barua hii inaelekezwa kwa wanaoagiza tovuti badala ya wanaozijenga, kwa kuwa mjenzi hujenga kile alichoandikiwa kwenye mkataba, na mikataba mingi haisemi lolote kuhusu jambo hili.

Afisa aliyezoea barua za serikali tayari ana msingi wa kulielewa. Kumbukumbu namba ina mahali pake, YAH hutangulia kichwa cha barua, aya hupewa namba, na mwisho hukaa sahihi, jina na cheo. Mtu wa masjala huitambua kila sehemu bila kujali barua imechapwa kwa herufi za aina gani. Tagi za HTML huipa mashine uwezo huohuo. Kichwa kikuu cha ukurasa kikitiwa tagi ya h1, na vichwa vidogo vikitiwa h2 na h3 kwa mpangilio, basi injini ya kutafuta, programu inayomsomea asiyeona, printa na simu vyote huuelewa muundo wa ukurasa. Mjenzi akikiandika kichwa hicho kama aya ya kawaida iliyokolezwa wino na kukuzwa, jicho halitaona tofauti yoyote. Mashine haitaona kichwa. Na kwa kuwa kila msomaji wa tovuti huyafikia maandishi kupitia mashine fulani, kosa hilo humfikia hata kama hajui limetoka wapi.

HTML ilianza hivyo, kama lugha ya kutaja sehemu za waraka. Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya fizikia ya CERN karibu na Geneva, alipendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989, na orodha ya kwanza ya tagi iliyosambazwa mwaka 1991 ilikuwa na tagi 18 tu, nyingi zikiwa za vichwa, aya, orodha na viungo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kuwa teknolojia hiyo ni ya watu wote, bila leseni wala malipo. Uamuzi huo ndio unaoiwezesha halmashauri ya wilaya leo kufungua tovuti bila kumlipa mtu yeyote kwa kutumia HTML.

Lugha hiyo haikujishughulisha na sura ya ukurasa, na biashara ilitaka sura. Katikati ya miaka ya 1990, Netscape na Microsoft zilipogombea soko la vivinjari, kila kampuni ilijiongezea tagi za rangi na aina ya herufi. Wajenzi wakapanga kurasa nzima ndani ya majedwali yaliyowekwa ndani ya majedwali mengine, wakajaza nafasi kwa picha za pikseli moja zisizoonekana. Ukurasa ulipendeza kwenye kivinjari kimoja na kuvurugika kwenye kingine, na kubadili rangi ya vichwa kulimaanisha kufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Dawa ilikuwa imekwishapendekezwa. Tarehe 10 Oktoba 1994 Håkon Wium Lie wa Norway, akiwa naye CERN, alitoa pendekezo la kwanza la CSS. Akashirikiana na Bert Bos wa Uholanzi, na tarehe 17 Desemba 1996 shirika la viwango vya wavuti, W3C, likaipitisha CSS ya kwanza.

Kupitisha kiwango ni jambo moja, kukitekeleza ni jingine, na miaka iliyofuata ilionyesha hivyo. CSS ilisema kwamba boksi lililopewa upana wa pikseli 300, likawekewa nafasi ya ndani ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 5 kila upande, litachukua jumla ya pikseli 350 kwenye skrini. Internet Explorer 5 ya Windows ilivihesabu vyote ndani ya zile 300. Tofauti ya pikseli 50 ilitosha kuiangusha safu nzima ya ukurasa chini ya nyingine. Mwaka 1998 kundi la wajenzi, akiwamo Jeffrey Zeldman wa Marekani, lilianzisha Web Standards Project ili kuzibana kampuni za vivinjari zifuate kiwango kilivyoandikwa. Kuanzia mwaka 2000 vivinjari vipya vikaja na njia ya kati: ukurasa unaoanza na tamko sahihi la aina ya waraka, liitwalo doctype, huchorwa kwa kanuni za kiwango, usio nalo huchorwa kwa desturi za zamani, ili kurasa kuukuu zisivurugike. Utaratibu huo ungali unafanya kazi. Mstari mmoja mfupi juu kabisa ya ukurasa, ambao mjenzi mzembe huusahau, huamua ukurasa wote utachorwa kwa kanuni zipi.

Kulikuwa pia na jaribio la kutumia ukali. XHTML 1.0, iliyopitishwa Januari 2000, ilidai kila tagi ifungwe na kila kitu kiandikwe kwa usahihi wa XML, na kivinjari kilichoifuata kikamilifu kilipaswa kukataa kuuonyesha ukurasa wenye kosa hata moja. Msomaji aliadhibiwa kwa kosa la mwandishi, na mpango wa namna hiyo haukustahili kushinda. Mwaka 2004 Apple, Mozilla na Opera ziliunda kundi la WHATWG, lililofanya kazi ngumu zaidi na yenye manufaa zaidi: liliandika, hatua kwa hatua, jinsi kila kivinjari kinavyopaswa kuishughulikia hata HTML iliyokosewa, ili makosa yaleyale yatoe matokeo yaleyale kila mahali. W3C iliipitisha HTML5 Oktoba 2014, na tangu makubaliano ya Mei 2019 mashirika hayo mawili yanatambua kiwango kimoja cha HTML kinachoboreshwa mfululizo. Afisa anayesoma kwenye zabuni kwamba “tovuti itajengwa kwa HTML5” afahamu kuwa maneno hayo peke yake hayaahidi kitu. Doctype ya HTML5 iko kwenye karibu kila ukurasa unaojengwa leo. Kinachopaswa kuulizwa ni kama tagi zilizomo ndani zimetumika kwa maana yake.

Tovuti nyingi za umma za Afrika Mashariki hujikwaa hapo, na tangazo ndilo mfano ulio wazi kuliko yote. Tangazo la nafasi za kazi, la zabuni au la kuitwa kwenye usaili huandikwa kwenye kompyuta, huchapwa, husainiwa, hugongwa mhuri, kisha karatasi hupigwa skani na kupandishwa kwenye tovuti kama PDF au picha. Yaliyokuwa maandishi yamegeuka kuwa picha ya maandishi. Maneno 500 ya Kiswahili yakiwekwa kama maandishi ya kawaida hayazidi sana kilobaiti 4. Karatasi moja ya A4 iliyopigwa skani kwa nukta 300 kwa inchi ni picha ya pikseli 2480 kwa 3508, ambayo hata ikibanwa hubaki na mamia ya kilobaiti, na mara nyingi huvuka megabaiti moja. Mwombaji kazi aliye kijijini hulipia uzito huo kwa bando lake. Akishalipakua tangazo, hulisoma kwa kulivuta kushoto na kulia, kwa kuwa picha haijipangi upya kufuata upana wa simu. Hawezi kunakili anwani ya kutuma maombi. Katika orodha ya maelfu ya walioitwa kwenye usaili hawezi kuandika jina lake akaletewa mstari wake. Inambidi apite ukurasa kwa ukurasa. Mwombaji asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini, haambiwi chochote, au huambiwa kuwa kuna picha.

Mhuri una kazi yake na hakuna anayedai uondolewe. Tangazo linaweza kuwekwa kama ukurasa wa HTML wenye kichwa, tarehe ya mwisho iliyo wazi na sifa za mwombaji zilizopangwa kwa orodha, huku nakala yenye mhuri ikiambatishwa chini kwa anayeihitaji. Aliyeliandika tangazo analo faili lenye maandishi tayari, na kuliingiza kwenye mfumo wa tovuti ni kazi ya dakika chache. Majina yakae kwenye jedwali halisi la HTML, lenye safu ya vichwa iliyotiwa tagi ya th. Jedwali, lililotumiwa vibaya miaka ya 1990 kupanga sura ya kurasa, hapa liko mahali pake hasa.

Jambo la pili ambalo karibu halina gharama ni kuitaja lugha. Tagi ya kwanza ya ukurasa wa HTML hubeba sifa ya lang, na kwa Kiswahili thamani yake ni sw. Anayetaka kutofautisha huandika sw-TZ au sw-KE. Violezo vingi vinavyonunuliwa mtandaoni huja vikiwa na en, na mjenzi asipobadilisha, ukurasa mzima wa Kiswahili unajitangaza kuwa wa Kiingereza. Matokeo yake husikika. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, huja na sauti za eSpeak NG, ambamo Kiswahili kimo, na hubadili matamshi kwa kufuata lang. Ukurasa ukisema en, maneno kama “malipo ya ada” na “tarehe ya mwisho” hutamkwa kwa irabu za Kiingereza mpaka msikilizaji ashindwe kufuata. Kivinjari nacho kinaweza kushauri tafsiri isiyohitajika, kikidhani lugha ni nyingine. Pale ambapo ukurasa wa Kiswahili una aya ya Kiingereza, kama kifungu cha sheria, aya hiyo peke yake hupewa lang ya en. Herufi zihifadhiwe kwa UTF-8, na tamko la charset liwe mwanzoni kabisa mwa ukurasa, ili ng’ombe na ng’ambo visije vikaonekana na alama za ajabu mahali pa ritifaa. Mitindo nayo isibane maneno kwenye upana maalumu wa pikseli: kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hukikata Kiswahili katikati, na kitenzi kirefu chenye viambishi vingi hutoka nje ya skrini ya simu isipokuwa CSS imeruhusu neno livunjwe kwa overflow-wrap.

Fomu zinahitaji kutazamwa kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote, maana hapo ndipo mwananchi hupata au hukosa huduma. Kila kisanduku kiwe na maelezo yaliyofungamanishwa nacho kwa tagi ya label. Maneno yaliyopauka ndani ya kisanduku, yanayotoweka mtu anapoanza kuandika, hayachukui nafasi hiyo: mtu akikatizwa katikati hajui tena alikuwa anajaza nini, na kwa programu ya kusoma skrini hayategemeki. Kisanduku cha simu kikipewa aina ya tel, simu hufungua kibodi ya namba. Cha barua pepe kikipewa email, alama ya @ hujitokeza. Hizi ni herufi chache tu za msimbo, na mtu anayejaza fomu kwa kidole gumba kwenye skrini ndogo huona faida yake mara moja.

Kuna kosa moja hapa linalostahili kuelezwa kwa kirefu. Namba ya Kitambulisho cha Taifa cha Tanzania ina tarakimu 20. Mjenzi asiyesoma kiwango huona neno “namba” akakipa kisanduku aina ya number, na mara nyingi programu ya ukurasa huigeuza thamani hiyo kuwa namba ya hesabu. JavaScript, lugha ya programu hizo, huhifadhi namba nzima kwa usahihi kamili mpaka 9,007,199,254,740,991 tu, yaani tarakimu 16. Ikizidi hapo, tarakimu za mwisho hukadiriwa. Kitambulisho kilichoandikwa sawasawa na mwananchi kinaweza kufika kwenye seva kikiwa kimebadilika, na yeye akaambiwa kuwa taarifa zake hazilingani. Namba za simu zinazoanza na 07 hupoteza sifuri ya mwanzo kwa njia hiyohiyo. Kiwango cha HTML kinasema waziwazi kwamba aina ya number haifai kwa vitu vilivyoundwa kwa tarakimu lakini si idadi ya kitu. Kisanduku sahihi ni cha maandishi, aina ya text, chenye inputmode ya numeric ili kibodi ya namba ifunguke na tarakimu zibaki zilivyo. Mwananchi hawezi kuliona kosa hili wala kulieleza dirishani. Analoweza kuona ni kwamba mfumo umemkataa.

Gharama ya kupuuza viwango imewahi kupimwa mbele ya chombo cha sheria. Juni 1999 Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliilalamikia kamati ya maandalizi ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney kwamba tovuti yake haikusomeka kwa mashine yake ya maandishi ya nukta nundu. Picha hazikuwa na maelezo ya alt, yaani maandishi yanayosomwa badala ya picha, kurasa za orodha ya michezo hazikufikika kutoka kwenye ratiba, na majedwali ya matokeo hayakusomeka. Kamati ilijitetea kuwa marekebisho yangehitaji siku 368 za kazi za mtu mmoja na zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Mashahidi wataalamu, Jutta Treviranus na Tom Worthington, walieleza kuwa kazi hiyo ilikuwa ndogo kuliko hapo kwa mbali. Tarehe 24 Agosti 2000 Tume ya Haki za Binadamu ya Australia iliamua kwamba Maguire alibaguliwa kinyume cha sheria, na baada ya michezo kamati ikaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Sifa ya alt ilikuwamo kwenye HTML tangu kiwango cha HTML 2.0 cha Novemba 1995. Kwa mjenzi anayeiandika anapoweka picha, ni sentensi moja kwa kila picha.

Nchi za Afrika Mashariki zimejifunga kwa sheria zinazoelekea hukohuko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unazitaka nchi katika ibara ya 9 ziendeleze upatikanaji wa teknolojia mpya za habari, na unautaja mtandao wa intaneti kwa jina. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Taarifa iliyowekwa mtandaoni kwa namna ambayo sehemu ya wananchi hawawezi kuisoma haijawafikia, hata kama kumbukumbu za ofisi zinaonyesha kuwa imechapishwa. Kipimo kinachotumika duniani ni mwongozo wa WCAG wa W3C, ambao toleo lake la 2.0 lilitoka Desemba 2008, 2.1 Juni 2018 na 2.2 Oktoba 2023. Mkataba wa tovuti unaweza kuutaja kwa toleo na kwa daraja, na daraja la AA ndilo linalofaa kwa taasisi ya umma.

Faili la mitindo nalo lina mengi ya kumpa mwananchi wa kawaida. CSS ikikaa kwenye faili lake, simu huipakua mara moja na kuitumia kwenye kurasa zote zinazofuata. Nembo ya taasisi ikibadilika rangi, hubadilishwa mstari mmoja na tovuti nzima hufuata. Mei 2010 Ethan Marcotte alieleza jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga kwa upana wa skrini yoyote kwa kutumia vipimo vya asilimia na masharti ya CSS, na tangu mwaka 2017 vivinjari vikubwa vina CSS Grid, inayopanga safu bila hila yoyote ya zamani. Tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu, hazihitajiki tena, na taasisi isikubali kuzilipia. Mjenzi asisahau mstari wa viewport, maana bila huo simu huuchukulia ukurasa kama wa skrini yenye upana wa karibu pikseli 980, kisha huufinya mpaka herufi zisisomeke.

Rangi nazo zina kipimo. WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, kinachopendwa sana na wabunifu, hufikia 2.85 tu. Anayesoma ofisini chini ya taa ataona maneno. Anayesoma stendi juani hataona. Ziko pia kanuni za CSS za uchapaji, zilizokuwapo tangu CSS2 ya mwaka 1998, ambazo watu wengi hawazitumii ilhali ukanda huu ungali unachapa karatasi nyingi. Mwananchi anayekwenda steshenari, au saiba kwa watu wa Kenya, kuchapa fomu hulipia kila ukurasa. Mistari michache ya mtindo wa kuchapa huondoa menyu, mabango na rangi za mandhari, na kile ambacho kingechukua karatasi nne hutoka kwenye moja au mbili.

Kuhusu JavaScript itoshe kusema kwamba maandishi ya msingi na fomu za huduma zisiitegemee ili kuonekana. Opera Mini, iliyoanza kutolewa mwaka 2005 na kupata watumiaji wengi Afrika kwa sababu ya kubana data, huupitisha ukurasa kwenye seva zake kwanza na huendesha JavaScript kwa kiasi kidogo tu. Mtandao ukikatika nusu ya njia, ukurasa uliojengwa kwa HTML halisi bado hubaki na kitu cha kusoma. Ule unaosubiri programu nzima ishuke hubaki mweupe.

Wajenzi wengine husema kufuata viwango kunaongeza bei. Kwa tovuti mpya, dai hilo halina msingi. Tagi ya h1 haina gharama zaidi kuliko aya iliyokuzwa, na kitufe cha kweli chenye tagi ya button huja kikiwa tayari kinaitikia kibodi, wakati kitufe cha bandia kilichoundwa kwa div huhitaji msimbo wa ziada ili kikaribie uwezo huo. Kinachogharimu ni kurudi nyuma na kubomoa, kama kamati ya Sydney ilivyojionea.

Ukaguzi hauhitaji mtaalamu kutoka nje. W3C ina kikaguzi cha bure cha HTML na kingine cha CSS. Afisa huweka anwani ya ukurasa na hupewa orodha ya makosa na mistari yalipo. Orodha ndefu isimtishe, maana kosa moja la tagi isiyofungwa huweza kuzalisha mengi chini yake. Kikaguzi kina mipaka: kinajua kama alt ipo, hakijui kama inasema kitu cha maana, na ukurasa unaweza kupita bila kosa huku tangazo lote likiwa ni picha. Kwa hiyo macho na mikono ya mtu vinahitajika. Puku iwekwe pembeni na fomu ijazwe kwa kibodi peke yake, kwa kitufe cha Tab, mpaka iwasilishwe. Herufi zikuzwe mara mbili na ionekane kama kuna kinachofichika. CSS izimwe, na kinachobaki kisomeke kwa mpangilio wenye mantiki kuanzia juu hadi chini. Ukurasa ufunguliwe kwenye simu ya bei nafuu kwa bando la kawaida, nje ya jengo lenye Wi-Fi. Na pale inapowezekana, mtumishi au mwananchi asiyeona aalikwe kuijaribu kwa programu anayoitumia kila siku, na alipwe kwa kazi hiyo kama mkaguzi mwingine yeyote.

Taasisi zitakazotangaza zabuni za tovuti katika mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai zinaombwa ziandike ndani ya hadidu za rejea, kabla ya kutangaza, kwamba kurasa zote zitapita kikaguzi cha HTML na CSS bila makosa, au kwa makosa machache ambayo sababu zake zimeandikwa. Kwamba tovuti itafikia WCAG 2.2 daraja la AA. Kwamba lugha ya kila ukurasa itatajwa kwa usahihi. Kwamba matangazo yatawekwa kama maandishi, na nakala yenye mhuri itakuwa kiambatisho. Na kwamba watumishi watakaopandisha habari watafundishwa kuweka vichwa, alt na majedwali, kwa kuwa tovuti iliyojengwa vizuri huharibiwa ndani ya miezi michache na mtu asiyefundishwa. Malipo ya mwisho yasitolewe na hati ya kukamilika kwa kazi isisainiwe mpaka ukaguzi huo ufanyike mbele ya afisa TEHAMA wa taasisi na majibu yake yahifadhiwe kwenye jalada la mkataba.